Agizo la kukagua mhimili wa bawa la Cessna 210 halingoji ukaguzi wa mwaka

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tumenunua Cessna 210L ya mwaka 1975, ina saa 9,400 na ushee. Iko hapa uwanja wa ndege wa Mwanza, inalala nje. Zamani ilikuwa ikifanya kazi ya kutafuta madini kwa kuruka chini. Injinia wetu anasema isiruke mpaka mhimili wa bawa upimwe kwa mashine, eti kuna agizo kutoka Marekani. Lakini kitabu cha ndege kinaonyesha ukaguzi wa mwaka jana haukukuta kasoro, na sisi wenyewe tumemulika kwa tochi hatukuona kitu. Hatuwezi kusubiri ukaguzi wa mwaka ujao? Halafu mwenzetu mmoja anasema tuiuze tununue Piper ya mabawa ya chini tukwepe shida hii. Tumsikilize?

Jibu: Marahaba. Injinia wenu yuko sahihi na msimsumbue. Ndege isiruke. La Piper nitalijibu mwishoni, kwa sababu huko nako mtakutana na agizo lake.

Tuanze na nguvu ya agizo lenyewe. Cessna 210 ilisanifiwa Marekani, kwa hiyo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ndiyo inayotoa maagizo ya lazima kuhusu usalama wa muundo wake. Chini ya Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, Kiambatisho cha 8, nchi iliyosanifu ndege hutuma taarifa hizo, na nchi iliyosajili ndege ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha zinafanyiwa kazi. Ndege yenu kama ina usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, anayewadai utekelezaji ni TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, si Mmarekani. Agizo lisipotekelezwa ndani ya muda wake, cheti cha ubora wa ndege hakiwalindi hata kama tarehe yake haijaisha, na bima nayo ikija kuchunguza ajali hilo ndilo shimo la kwanza itakalolitafuta.

Ukaguzi wa mwaka ni kitu kingine kabisa. Una ratiba yake na orodha yake ya vitu vya kutazama. Agizo lina saa yake: linataja saa za kuruka au siku za kalenda kuanzia siku lilipoanza kutumika, na mara nyingi husema "lolote litakalotangulia". Agizo la FAA namba 2020-03-16, linalogusa 210 za kuanzia herufi G hadi M pamoja na zile zenye injini ya tabo (turbo), lilianza kutumika mwaka 2020. Kwa hiyo swali la kumuuliza injinia si lini mwaka ujao, bali je, lilifanyika wakati ule? Fungueni kitabu. Kama hamna mstari unaolitaja agizo hilo kwa namba, tarehe, saa za ndege siku hiyo, njia iliyotumika, matokeo na sahihi, lichukulieni kuwa halikufanyika. Maneno "ndege imekaguliwa, haina kasoro" hayathibitishi chochote kuhusu mhimili. Mwombeni pia injinia ahakikishe toleo linalotumika leo, maana maagizo hurekebishwa na mengine hufutwa na mapya.

Chanzo cha agizo ni ajali ya Mei 26, 2019 karibu na Mount Isa, Queensland, Australia. Cessna T210M iliyokuwa kwenye upimaji wa kijiofizikia, kazi ileile iliyofanywa na ndege yenu, ilikatika bawa la kulia angani na wote wawili waliokuwa ndani wakafa. Ilikuwa na saa zaidi ya 12,000. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma kwenye sehemu ya chini ya mhimili wa kati, na mwanzo wa ufa ule ulikuwa kishimo kidogo cha kutu.

Hapo pana mambo mawili ya kuyaelewa, na mkishayaelewa mtaona kwa nini tochi haitoshi.

La kwanza ni umbo. Cessna za kawaida za mabawa ya juu, kama 206 au Caravan mnazoziona zikiruka kwenda Bukoba, bawa lake limeshikiliwa na nguzo ya nje inayoshuka hadi ubavuni mwa ndege. Kuanzia mwaka 1967, 210 iliondolewa nguzo hiyo. Mzigo wote wa mabawa mawili unapita kwenye mhimili wa kati unaokatiza juu ya vichwa vya abiria, kipande kimoja cha aluminiamu kilichofuliwa. Ndege ikiruka, mabawa hupinda kwenda juu, kwa hiyo uso wa chini wa mhimili unavutwa. 210L ina uzito wa juu wa kilo 1,724. Ikilala nyuzi 60 kwenye kona, mzigo unakuwa mara mbili, karibu tani tatu na nusu. Chuma kinachovutwa na kuachiwa maelfu ya mara ndicho kinachopasuka, na kikipasuka pale hakuna kipande cha pili cha kupokea mzigo.

La pili ni kutu. Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama ya bati. Hutoa unga mweupe au wa kijivu, na chini ya unga kunakuwa na vishimo. Kishimo kisichofika nusu milimita hakipunguzi nguvu ya mhimili kwa kiasi cha kutisha. Kosa lake ni kukusanya mkazo mahali pamoja. Ufa huanzia pale, hukua kidogo kila safari, na kwa muda mrefu unakuwa mwembamba kiasi kwamba uso wa chuma ukiwa na rangi, vumbi au gundi ya zamani jicho haliuoni kamwe. Mliposema mmemulika, nina swali moja: mliondoa dari ya kitambaa na sponji? Kama hamkuondoa, mlimulika dari.

Sponji hiyo ndiyo adui wa ndege zinazolala kandokando ya ziwa. Kwenye 210 nyingi kuna sponji iliyobandikwa kwenye mhimili ili kupunguza kelele na kushikilia dari. Mwanza usiku hewa ya ziwani ni nzito kwa unyevu. Alfajiri mnaukuta umande juu ya mabawa na ndani ya kioo. Mvua za masika na vuli huingia kwa mpira wa kioo uliokakamaa au kwa matundu ya hewa kwenye shina la bawa. Sponji hunyonya yote hayo na kuyashikilia kwenye chuma mchana kutwa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya pwani, hilo ni nafuu, lakini unyevu unaokaa miezi hauhitaji chumvi. Kama ndege imewahi kubeba samaki, hata kwa maboksi yaliyofungwa, chunguzeni pia sakafu na mifereji ya chini: maji ya barafu ya sangara yana chumvi na damu, na hutafuna aluminiamu kwa kasi. Vivyo hivyo kinyesi cha korongo juu ya mabawa, kioshwe siku hiyohiyo kwa maji mengi na sabuni laini, kisisubiri siku ya kuosha ndege.

Saa 9,400 zenyewe haziwaambii vya kutosha. Saa moja ya kusafiri kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwenye hewa tulivu haifanani na saa moja ya kupima madini kwenye urefu wa mita mia chache juu ya vilima, joto la saa nane mchana likiirusha ndege juu na chini, rubani akigeuza kwa kona kali kila mwisho wa mstari. Eneo letu la dhahabu, kuanzia Geita kwenda chini, limerukwa sana namna hiyo. Safari fupi nazo zina uzito wake, kwa sababu kila kupaa na kutua ni mzunguko mmoja kamili wa kuvutwa na kuachiwa, na kiwanja cha changarawe huongeza mitikisiko. Ndege ya kazi kama hiyo ningeiweka mbele ya foleni kabla ya nyingine yoyote ya aina yake.

Sasa kazi yenyewe. Siku kabla ya mpimaji kufika, mafundi wa karakana iliyoidhinishwa na TCAA waandae ndege, maana mpimaji wa kutoka Dar es Salaam au Nairobi akikuta dari haijashushwa mtamlipa siku nzima ya kukaa kivulini. Viti vya mbele vitolewe, dari ishushwe, vifuniko vya shina la mabawa vifunguliwe, na nyaya zilizofungwa kwenye mhimili zisogezwe. Sponji ing'olewe yote. Gundi iliyobaki ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki au mbao na kilainishi kinachoruhusiwa na maelekezo ya kiwanda.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka huchukua brashi ya waya au bisibisi. Brashi ya chuma husugua aluminiamu laini na kuuzika mdomo wa ufa, halafu huacha chembe za chuma ambazo zitaanzisha kutu mpya. Mkwaruzo wa bisibisi kwa upana wa mhimili ni mwanzo mzuri wa ufa kama kilivyo kishimo. Mkiona brashi ya waya ndani ya hanga siku hiyo, simamisheni kazi. Msikubali pia mtu "apige rangi kidogo ipendeze" kabla ya kipimo.

Kwanza hufanywa ukaguzi wa macho: taa kali inayomulikwa kwa pembe, kioo cha kupinda na lenzi ya kukuza mara kumi. Vinavyotafutwa ni unga mweupe, rangi iliyovimba, vishimo, mikwaruzo, na alama za kusaga za zamani ambazo hazimo kitabuni. Kisha kipimo cha edi (eddy current). Kalamu ya kupimia ina koili ndogo yenye umeme unaobadilika. Umeme huo huzalisha mikondo inayozunguka ndani ya aluminiamu. Mikondo ikikutana na ufa hulazimika kuuzunguka, na badiliko hilo huonekana kwenye skrini. Kipimo hiki huona ufa uliozibwa na rangi nyembamba, kitu ambacho dawa ya kupenya yenye rangi haiwezi, kwa sababu dawa inahitaji mdomo wa ufa uwe wazi. Kipimo cha sumaku hakifai hata kidogo, aluminiamu haivutwi na sumaku.

Mpimaji huanza kwa kurekebisha mashine kwenye kipande cha kulinganishia cha aluminiamu chenye mikato ya kina kinachojulikana, kwa kawaida milimita 0.2, 0.5 na 1.0. Mashine ionyeshe mkato mdogo waziwazi kabla ya kugusa ndege, na irudiwe kwenye kipande hicho baada ya kumaliza. Kama mwishoni haionyeshi vilevile, kila kilichopimwa katikati kinapimwa upya. Ombeni kuwapo mkashuhudie hatua hiyo. Mpimaji mzuri hatachukia. Kalamu hupitishwa polepole kwa mistari iliyokaribiana, ikisimama wima. Ikiinama au ikifika ukingoni mwa chuma skrini hucheza bila ufa kuwapo, ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu aliyeazima mashine. Mpimaji awe na cheti cha daraja la 2 au la 3 kwa viwango vya NAS 410 au EN 4179, na cheti kiwe hai kwa kipimo cha edi hasa, si kwa eksirei au kingine.

Matokeo yana njia tatu. Kukiwa safi, uso unasafishwa, unapakwa kinga ya kemikali na praima, halafu mafuta mazito ya kuzuia kutu. Upakaji huo ni sehemu ya agizo, si pambo, na sponji hairudi. Agizo la 2020 lilitaka pia matokeo yaripotiwe FAA, hata yakiwa safi. Wengi husahau hapa. Kukiwa na vishimo, kutu husagwa kwa mkono kwa kitambaa cha msasa laini, kwa kufuata urefu wa mhimili, mpaka chuma safi kitokee. Kina hupimwa na kulinganishwa na kikomo cha kiwanda, kisha kipimo cha edi hurudiwa palepale. Kikomo kikipitwa, mhimili haufai.

Kukiwa na ufa, mazungumzo yameisha. Hakuna kuchoma, hakuna kutoboa tundu la kuzuia ufa, hakuna kiraka. Mhimili unabadilishwa kabla ya kuruka tena, na kwa kuwa mabawa lazima yatoke na vipuri hivyo havipatikani kirahisi, kwa ndege nyingi za umri huo hesabu haitoki. Semeni jambo hili mapema ninyi watatu, kabla mpimaji hajafika, ili asijikute mtu mmoja anashawishiwa kubishana na skrini. Mkipata mhimili uliotumika kutoka ndege nyingine, dai historia yake yote: ulitoka kwenye ndege ipi, ulikuwa na saa ngapi, umepimwa lini na nani. Usio na karatasi ni chuma chakavu.

Kuhusu kuipeleka ndege kwa mpimaji badala ya yeye kuja: kibali maalumu cha safari moja huombwa TCAA, na agizo lenyewe huwa na aya inayosema kama safari hiyo inaruhusiwa na kwa masharti gani. Huwa ni bila abiria, kwa mwendo mdogo na mchana wenye hewa tulivu. Ndege iliyokwisha kuonekana na ufa isiombewe kibali. Kwa maoni yangu, mleteni mpimaji Mwanza. Begi la mashine hubebwa mkononi kwenye ndege ya abiria, na mkiwatafuta wenye 210 nyingine kandokando ya ziwa mkagawana nauli na malazi, gharama inashuka sana.

Kwenye kitabu hakikisheni pameandikwa namba ya agizo na toleo la maelekezo ya kiwanda, saa za ndege, namba ya mashine na kipande cha kulinganishia, jina na cheti cha mpimaji, matokeo kwa kila upande, dawa zilizopakwa na lini ukaguzi wa kurudia. Utekelezaji wa agizo haufuti ukaguzi wa kurudia ulio kwenye programu ya nyongeza ya kiwanda kwa ndege zinazozeeka. Wekeni vyote viwili kwenye ubao mmoja.

Sasa Piper. Aprili 4, 2018, huko Daytona Beach, Florida, Piper PA-28R-201 ya shule ya urubani ilikatika bawa la kushoto muda mfupi baada ya kugusa njia na kupaa tena. Wawili walikufa. Ndege ilikuwa ya mwaka 2007, ina saa 7,690 tu. Ufa ulianzia kwenye matundu ya boliti ya sehemu ya chini ya mhimili mkuu, pale bawa linapoungana na mwili. FAA ikatoa agizo 2020-26-16 kwa aina nyingi za PA-28 na baadhi ya PA-32: boliti mbili za chini za nje kila upande zitolewe na matundu yapimwe kwa edi.

Si kila ndege inaingia mara moja. Kuna hesabu ya saa zilizopimwa kwa uzito wa kazi. Chukua idadi ya ukaguzi wa saa 100 uliowahi kufanyika, zidisha kwa 100. Hiyo toa kwenye saa zote za ndege, gawanya baki kwa 17, halafu jumlisha na lile la kwanza. Ikifika 5,000, ndege inapimwa. Mfano: ndege ya saa 8,200 yenye ukaguzi wa saa 100 mara 30 ni 3,000 kujumlisha 5,200 gawanya kwa 17, yaani takriban 3,306, bado. Ikiwa na ukaguzi huo mara 60 ni 6,000 kujumlisha takriban 129, imepita. Hesabu ilitungwa kwa Marekani, ambako ukaguzi wa saa 100 ni dalili ya ndege ya kufundishia au ya kukodisha. Kama programu ya matengenezo iliyoidhinishwa huku inaudai hata kwa ndege ya binafsi, Piper iliyoruka kistaarabu itafika 5,000 haraka kuliko ingekuwa kwao. Na vitabu vikiwa na pengo, au mhimili ukiwa umewahi kubadilishwa kwa uliotumika, inapimwa bila kujali hesabu. Kwa ndege inayouzwa kwa bei nafuu ghafla, pengo la vitabu ndilo la kutafuta kwanza.

Kazi ya Piper ina hatari yake. Boliti zikigongwa kwa nyundo huku bawa likining'inia, tundu hukwaruzwa, na mkwaruzo huo mashine itausoma kama ufa, au utakuja kuwa ufa kweli. Bawa litegemezwe mpaka boliti isiwe na mzigo, itoke kwa kusukumwa taratibu. Kurudisha ni kwa nati mpya na spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango cha kitabu. Mhimili wa Piper unapita chini, karibu na viti, kwa hiyo soda, matope ya viatu na maji ya samaki vyote huteremka kwake.

Jambo la mwisho linahusu aina zote mbili. Desemba 19, 2005 Grumman Mallard ya mwaka 1947 ilikatika bawa la kulia Miami mara baada ya kupaa majini, watu 20 wakafa. Nyufa zilikuwapo siku nyingi, na mafuta yalikuwa yakivuja karibu na shina la bawa. Kila yalipovuja mafundi waliziba kwa gundi. Mkiona doa la mafuta la rangi chini ya bawa karibu na mwili, au ribiti zenye mstari mweusi unaofuka nyuma yake, msizibe. Mwambieni injinia afungue aone mafuta yanapita wapi, na aandike alichokikuta.